Mlolongo wa Darasa la Sita

...kwa hiyo kama ujumbe wake wa mwisho uliingia saa tano na dakika arobaini, na sasa ni saa sita na dakika saba, basi wameshahesabu, hata wakihesabu kwa kujivuta, hata mwalimu mkuu akirudia mara mbili kwa sababu kuna mtu amehama mstari, wameshahesabu, alijiambia Onesmus huku ameegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, ni wazazi wa darasa moja tu, darasa la sita, watu hamsini na kitu, na watu hamsini kuwahesabu si kazi ya nusu saa, labda mvua, lakini mvua gani ya Februari kule Makueni, labda simu ya Roseline imezima, jana alimwambia aipeleke dukani ikachajiwe, alimwambia mara tatu, na mara ya tatu Roseline akajibu, "Nimesikia, Baba Shirleen," kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo, sauti ambayo miaka yote hii haijabadilika, au imebadilika na yeye hajui, maana mtu ukimsikia simuni tu utajuaje... Akaishika simu, akausikiliza ule ujumbe tena, sekunde tisa, kelele za watu, jogoo wa mtu, halafu mkewe: "Sasa tunaambiwa tujipange. Gilbert amesimama upande wa vyoo, mimi nimesimama upande wa bendera. Nitakuambia." Nitakuambia. Dakika ishirini na saba na hajamwambia. Kumpigia kwa WhatsApp hawezi, huku Saudia wameifunga, ujumbe unapita lakini kupiga hakupiti, na simu ya kawaida atapigaje katikati ya kikao, Roseline apokee mbele ya wazazi wote wakati amesimama badala yake, watu wacheke, waseme mgombea hana subira, anapiga kuuliza kura zake, hapana, atulie tu, na kwa kweli alikuwa anatulia tangu alfajiri, alitulia mpaka akaweka chumvi kwenye chai, alitulia mpaka akapita taa nyekundu pale barabara ya Mfalme Fahd na madam nyuma akamwuliza kama amelala.

Mbele yake magari kumi na kitu, nyuma yake hakuangalia, yote na madereva wake, Mpakistani, Msudani, Mhindi, wanangoja wasichana wa watu watoke shuleni, na pale mlangoni mzee mlinzi na kipaza sauti chake anaita mtoto mmoja mmoja kwa jina la ukoo, na asiyeitwa hatoki, hata kama gari la kwao analiona kwa macho, haruhusiwi kukanyaga lami mpaka aitwe na dereva wake ainue mkono... na kila siku Onesmus anainua mkono, Lamia na Jud wanakuja na mikoba yao, wanapanda, wanafunga mlango, na kila siku anasema moyoni, wetu je, wetu anatoka tu, kengele ikilia wanatoka mia nne kwa mara moja kama maji ya bomba lililopasuka, hakuna ua, hakuna lango, kuna uwanja na baada ya uwanja kuna barabara ya vumbi, na barabarani kuna malori ya mchanga yanayotoka mtoni yamejaa, yanakimbia ili yarudi yakajaze tena... Simu ikatetemeka mkononi, akaiinua haraka, kumbe ni Wesley, kijana wa zamu ya ulinzi kule mtaa wa Manfuha, hapahapa Riyadh, ameandika kwenye kundi la Wakenya, "Mheshimiwa, tuchinje mbuzi ama tungoje?" na chini yake watu sita wanacheka. Wacheke. Hakuwaambia yeye, aliyewaambia ni rafiki yake Elphas, kutoka Jeddah, mdomo wa Elphas hauna mlango na haujawahi kuwa nao.

Ilianzia kwa Elphas vilevile, hilo haliwezi kukataliwa, chumbani kwake mtaa wa Ghulail, Jeddah, mwaka jana, kabla familia ya madam haijahamia Riyadh na kumhamisha na yeye pamoja na mazulia, ilikuwa Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Elphas alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la umeme ambalo mwenye nyumba alilikataza, na ujumbe ukaingia, sauti ya Shirleen, mtoto wa miaka kumi na mmoja anayeongea kama anasoma insha: "Baba, jana lori lilimkanyaga Susan mguu. Nilikuwa nimemshika mkono. Mimi sikuumia." Basi. Mimi sikuumia. Akausikiliza amesimama, akausikiliza amekaa, akaona mkono wa mtoto wake na mkono wa mtoto wa mwenzake na kati ya hiyo mikono miwili gurudumu, na yeye yuko Jeddah anakula ugali, akamwambia Elphas, "Nitaingia bodi ya shule." Elphas akageuka na mwiko. "Wewe? Bodi gani? Utaingia kwa mlango upi na uko huku?" Akamwambia mtu halazimiki kuwepo, siku hizi kuna simu, bodi inakaa mara tatu kwa mwaka, atasikiliza kwa simu, atasema kwa simu, na jambo lake ni moja tu, ua na lango, wajenge ua na lango kabla hawajanunua kitu kingine chochote. "Na mlolongo?" akauliza Elphas, ambaye kwao pia ni hivyohivyo, "watajipanga nyuma ya simu?" Hapo alikuwa amemshika, maana shule yao haina karatasi za kura, mzazi anayetaka kiti anasimama uwanjani, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake mmoja mmoja, mwalimu mkuu anapita akiwagusa mabega anahesabu, na mgongo wa kupangiwa ni lazima uwepo, na mgongo wa Onesmus uko kwenye kiti cha gari la mtu, Riyadh.

Ndiyo akafikiria picha. Alikwenda studio moja ya Manfuha, akavaa koti la mwenye studio, akapigwa nyuma yake kukiwa na pazia la buluu, akamtumia Roseline, Roseline akaenda mpaka mji wa Wote, ikatolewa kubwa, kubwa kama kalenda, na maagizo akayatuma kwa sauti, anayakumbuka neno kwa neno kwa sababu aliyarudia mpaka akaridhika: "Utaishika kifuani, usiishushe, na usiongee sana siku hiyo, watachanganyikiwa, wewe ni wa kushika tu." Wa kushika tu. Lilikuwa agizo zuri, lilikuwa na akili, mbona sasa linamkwaruza... ni kwa sababu ya kungoja, kungoja kunakwaruza kila kitu. Na lile lingine linamkwaruza zaidi, lile aliloandika kwenye barua iliyosomwa kanisani, kwamba atakuwa amerudi nyumbani moja kwa moja mwezi wa nane, atarudi vipi, kafili, mwajiri aliyemdhamini kuja huku, hajaambiwa, pasipoti iko kwenye sanduku la kafili, likizo tu ya mwaka juzi aliambiwa inshallah baada ya Ramadhani, ikawa inshallah baada ya Hijja, ikaisha hivyo. Lakini angeandikaje? Angeandika sijui? Gilbert alikuwa anazunguka akisema, na anasema kwa upole, hiyo ndiyo hatari ya Gilbert, "Onesmus ni ndugu yangu, simpingi. Nauliza tu, mtoto akiugua saa nne asubuhi shuleni, ni nani anakuja kumchukua? Ni simu?" Na watu wanatikisa kichwa, na hakuna anayeuliza mbona Gilbert mwenyewe, ambaye shamba lake limepakana na uwanja wa shule, ndiye anayewaruhusu wenye malori wageuzie kwake, wakate kona ya uwanja, wampe chochote wanachompa, na ua ukijengwa mchezo huo umekwisha. Wote wanajua. Kujua wanajua. Ila Gilbert wanamwona, anazika nao, anashika jembe kwenye kaburi, na yeye Onesmus alipofiwa na baba mzazi alifuatilia mazishi kwenye simu amesimama mlangoni mwa duka la manukato akimngoja madam, picha zikiingia moja moja, jeneza, udongo, watu wanakula...

Simu ililia, ikawa ni madam. "Onis, fein albanat?" Wasichana wako wapi, daima kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Lissa, madam," akasema, bado, bado hawajatoka. "Yalla, sura," akasema madam, yaani haraka, kana kwamba ni Onesmus aliyekishika kipaza sauti, na alipokata, Onesmus akaona kwamba wakati wakiongea kuna kitu kimeingia, ujumbe wa sauti, wa Roseline, dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu si nzuri. Ushindi ni sekunde tano. Mtu akishinda anasema tumeshinda, dakika moja na nusu ni ya kueleza, hakuna anayeeleza ushindi, asiufungue, aufungue, mikono ilikuwa na jasho hata kioo cha simu kikakataa kidole chake mara mbili.

"Baba Shirleen, wamemaliza. Gilbert, kumi na tisa. Laini yetu, thelathini na mmoja." Hapo akaupiga usukani kwa kiganja, thelathini na mmoja, Mungu mkubwa, thelathini na mmoja kwa mtu ambaye hayupo, Elphas atakula maneno yake... "Lakini skiza. Kulikuwa na upepo, hiyo picha ilikuwa inanichapa usoni, nikaikunja nikaiweka kwa kibeti. Sasa mwalimu mkuu akimaliza kuhesabu akauliza, hawa thelathini na mmoja wamepangia nani, niandike. Mama Susan akasema, tumepangia Roseline. Wengine nao wakasema, eeh, ni Roseline. Nikawaambia hapana, mimi nimeshikilia Onesmus. Wakasema Onesmus hatumwoni, wewe ndio tunaona, wewe ndio ulikuja kwetu nyumbani ukatueleza mambo ya malori. Gilbert naye akasema mtu lazima awe ndani ya uwanja, kama ni za Onesmus basi zimeharibika zote. Mwalimu mkuu amekubaliana na yeye. Wewe umetoka, Baba Shirleen, hapo hakuna maneno tena. Ni mimi ama ni Gilbert. Ameniambia nifikirie dakika tano. Nikasema wacha nikuulize. Niseme nini?"

Umetoka. Alilisikia neno hilo kabla ya mengine yote, likakaa, mengine yakaja nyuma yake taratibu... umetoka, mtu anatokaje mahali ambapo hakuwepo, na upepo gani huo, upepo gani, anaijua Februari ya kwao, ni jua na vumbi limelala, jani halitingishiki, na picha ilikuwa ngumu, alilipia karatasi ngumu makusudi, inamchapaje mtu usoni, na hata ikimchapa, si aishike, aliambiwa aishike, kazi ilikuwa hiyo moja, kushika, na akaikunja... aliikunja mara ngapi, mara mbili ingeingia kwenye kibeti kile cheusi? mara nne, ili iingie ni lazima mara nne, kwa hiyo uso wake una mkunjo katikati, na Mama Susan akamwona amesimama hana kitu mkononi, na nani alimtuma Roseline kwenda nyumba za watu kueleza mambo ya malori, yeye mwenyewe alimtuma, ndiyo, alimtuma, lakini alimtuma na maneno yake, aliyarekodi, alisema waambie mume wangu anasema, sasa alipofika kule alisema mume wangu anasema, au alisema mimi nasema... Wewe ndio tunaona. Na jina litakalobandikwa ofisini ni lake, na Jumapili watamwita yeye mbele asimame apigiwe makofi, na Manfuha watajua kesho, Wesley atacheka mpaka akohoe, mtu ametuma mke akamshikie kiti na mke amekikalia, hadithi tamu, itafika Jeddah kabla ya jua kuzama, na wakati huohuo dakika tano zinakwenda, sasa zimebaki ngapi, tatu, mbili, na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza na mdomo wake ulikuwa umeshasema, "Jiondoe. Kama si mimi, jiondoe. Tutajaribu mwakani nikiwa huko." Akainua kidole. Ikaenda.

Tiki moja. Akaingoja ya pili. Msudani wa mbele akasogea mita mbili, yeye naye akasogea mita mbili, akarudi kuangalia, moja... na katika kule kungoja ya pili ije akajikuta anaomba isije, kwanza hakuelewa anaomba nini, kisha akaelewa, akaona aibu, kwa sababu Roseline akijiondoa anayebaki ni Gilbert, hakuna mwingine, ua haujengwi, hata mwakani haujengwi, na Shirleen anavuka barabara ile leo saa tisa, na kesho mara mbili, na keshokutwa, na yeye amefanya hivyo kwa sekunde nne, kwa mdomo wake, yeye aliyeapa mbele ya Elphas kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Ilikuwa ni kwa ajili ya mtoto. Ilikuwa, usiku ule Ghulail hakulala, aliuona ule mguu mpaka asubuhi. Lakini baadaye, tangu lini, tangu ile picha, kulikuwa na kitu kingine, aliona haya kukitaja hata ndani ya kichwa chake: alitaka jina lake liandikwe. Kwenye daftari la mahudhurio, kule, penye vumbi lake, mtu achukue kalamu aandike Onesmus na aweke alama kwamba yupo. Hivyo tu. Huku jina lake liko kwenye ikama, kile kibali cha kukaa, na hata hapo limeandikwa vibaya na chini yake pameandikwa dereva, na madam anamwita Onis, na kule mtoto anamjua kwa sauti, na alitaka thelathini na mmoja wamwambie upo, wakasema hatukuoni, na ni kweli, hawamwoni, wangesemaje jingine, na kwa ukweli huo mmoja mdogo akachukua hasira akampelekea mke wake aliyesimama juani na dakika tano.

Akabonyeza tena. "Mama Shirleen, usinisikilize. Usijiondoe. Kubali. Kubali tafadhali, sema ndiyo." Ikaenda. Tiki moja. Sasa ziko mbili, moja chini ya nyingine, jiondoe juu, kubali chini, na zitafika hivyo, kwa mpango huo, atasikia ya kwanza kwanza, amesimama mbele ya watu, pengine ameiweka kwa sauti kubwa wote wasikie, Gilbert asikie, na akisikia ya kwanza atahitaji ya pili? Roseline si mtu wa kuambiwa mara mbili. Akajaribu kuifuta ile ya juu, kwa haraka kidole kikabonyeza futa kwangu badala ya futa kwa wote, ikafutika kwenye simu yake tu, na iliyofutika kwake haigusiki tena. Akapiga simu ya kawaida, liwalo na liwe, wacheke, akasikia yule mwanamke wa mtandao, mpole, hana haraka: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani kwa sasa. Betri. Si alimwambia aende dukani... hapana, asianze tena, hata hilo asilianze, aliambiwa mara tatu kama mtoto mdogo, mwanamke aliyelima peke yake miaka sita, aliyemwuguza mkwewe mpaka akamfunga macho, aliyekwenda nyumba thelathini akaongea na watu, anaambiwa mara tatu kuchaji simu. Thelathini na mmoja. Alihesabu kichwani ni nani hao thelathini na mmoja na hakufika hata kumi, hakuwajua wazazi wa darasa la sita, yeye mgombea, hakuwajua, Roseline anawajua wote na watoto wao na magonjwa yao. Dakika tano zilikwisha zamani. Zilikuwa dakika kumi na moja. Lililoamuliwa limeshaamuliwa na yeye yuko hapa na kiyoyozi kinampuliza magotini. Madam alipiga, akasema lissa, madam, hakusikia alichojibiwa.

Halafu tiki zikawa mbili. Kwenye ule wa chini, uliobaki. Kile kipaza sauti kidogo kando ya ujumbe wa pili kikageuka buluu, na ule wa kwanza hakuuona tena, alishaufuta upande wake, kwa hiyo hata hakuweza kujua kama umesikilizwa, alijinyang'anya mwenyewe, na pale juu, chini ya jina la Roseline, pakaandikwa anarekodi, pakaacha, pakaandikwa tena. Ukaingia. Sekunde kumi na tano.

"Nimesikia zote mbili. Simu ilizima, nimechajishia hapa kwa ofisi. Nilikuwa nimeshakubali, hata kabla izime. Nilijua utachelewa, na watu walikuwa wamechoka na jua. Mkutano wa kwanza ni Jumanne. Wacha niende, wananiita tuandike."

Akausikiliza tena, si kwa maneno, maneno aliyashika, alikuwa anatafuta hasira, angalau hasira kidogo, mahali pa kuombea msamaha, hakuipata, akausikiliza mara ya tatu akitafuta kama kuna kuomba ruhusa ndani yake, nayo haikuwemo, ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi, anayesemeshwa na watu wawili na wewe ni wa tatu, na ua utajengwa, alilijua hilo sasa kwa uhakika ambao hakuwahi kuwa nao alipokuwa anagombea yeye, Shirleen atavuka salama, jambo lake limepita, na bado uchungu haukuondoka. Alichekelea ndani, kidogo, ule uchungu ukiwemo, kwamba alimwambia kubali na alikuwa ameshakubali, alimwambia jiondoe na alikuwa ameshakubali. Foleni haikuwa imesogea. Akabonyeza kurekodi, akasema, "Hongera, Mama Shirleen," na kabla hajainua kidole akaiburuta pembeni isiende, kwa sababu ilitoka kama ya mtu wa mbali, mtu anayepongeza familia ya jirani. Akakohoa, akasafisha koo, akasema tena, ikatoka vilevile.